Bingwa wa Makapi ya Mpunga

Kindu nzima ilimfundisha bingwa kupigana. Muulize fundi baiskeli wa pale njia ya stesheni, atakuambia ni yeye aliyemwonyesha ngumi ya kwanza. Muulize mama muuza maandazi, atakuambia misuli ile ni maandazi yake. Kuna hata mzee mmoja wa Alunguli anayeapa kwamba bingwa alipata nguvu kwa maziwa ya mbuzi wake, na mzee huyo hajawahi kufuga mbuzi maishani. Mimi huwasikiliza. Nikichoka, nasema ninachokijua: mtu wa kwanza kumwangusha yule mwanamume chini ni mimi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, yeye kumi na mitatu, na alilia.

Yeye mwenyewe anakana kwamba alilia. Anasema lilikuwa vumbi.

Kwa asiyemjua: mtoto wa jirani yetu, aliyekulia nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuja kuwa bingwa wa ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke, judo na mieleka, watu wawili wamefungiwa ndani ya uzio wa waya. Vijana wanauita kwa herufi zake, MMA. Sisi tuliozeeka kidogo tunauita kizimba, kwa sababu ukiutazama vizuri hauna tofauti kubwa na banda la kuku. Mimi ni mkoboaji wa mpunga, nina mashine yangu moja na midomo mirefu, na mambo haya nayaeleza kwa sababu nimechoka kusikia habari za mbuzi.

Wakati wa vita mji wetu ulikuwa umefungwa. Mjini kulikuwa na wenye bunduki, msituni kulikuwa na wenye bunduki wengine, na sisi tulikuwa katikati. Treni ililala stesheni mpaka majani yakaota kati ya reli. Chumvi tuliipima kwa kijiko cha chai. Shule ilifunguliwa leo, ikafungwa kesho, na watoto tulishinda mitaani tukiulizana nani kwao wamepika.

Mwalimu wetu alikuwa fundi wa reli asiye na treni ya kutengeneza. Ujanani, alipokuwa akisomea ufundi Lubumbashi, alijifunza judo, akarudi na kimono kimoja na mkanda mweusi ambao jua lilikuwa limeugeuza rangi ya kahawa. Siku moja alipita nyumba kwa nyumba akawaambia wazazi kwamba atatuchosha kila asubuhi mpaka tusahau kuomba chakula cha mchana. Wazazi walikubali upesi kuliko alivyotegemea. Tulikuwa watoto kumi na wawili, tukakusanywa kwenye ghala tupu la mizigo karibu na stesheni.

Judo inataka mkeka mnene wa kuangukia, na mkeka wa namna hiyo Kindu haukuwepo. Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, hii hii ninayoifanyia kazi leo. Ilipopata mazuti, yaani dizeli, ilifanya kazi, ilipokosa ilinyamaza, lakini nyuma yake kulikuwa na kilima cha makapi ya miaka mingi. Tukabeba makapi magunia kwa magunia, tukayamwaga ndani ya ghala, tukatandaza turubai juu yake na kulibana pembeni kwa vyuma vya reli. Ndiyo tatami yetu. Ilikuwa laini, na ilikuwa inawasha ajabu. Ukianguka, vumbi la makapi linatoka kwenye matundu ya turubai linakuingia shingoni, kwenye mabega, ndani ya masikio. Baada ya kila pambano tulisimama tukijipangusa mabega kwa fujo, kushoto na kulia, kabla hata ya kusalimiana.

Miezi miwili ya kwanza Mwalimu hakutufundisha kitu ila kuanguka. Anguka mbele, anguka nyuma, piga turubai kwa kiganja, simama. Bingwa wetu wa baadaye alichukia sana. Alikuwa na mdomo, Mungu anajua, mdomo uliomtangulia kila mahali. Alitaka kuwaangusha watu na hakutaka kuangushwa, na kila siku alimwuliza Mwalimu ni lini masomo yenyewe yataanza.

Mdomo huo ndio uliotuletea kisa cha gunia. Mvua ilikuwa imepenya paa la ghala na sehemu ya makapi ikaoza, hivyo tukatumwa kwa Shangazi kuchukua mengine. Hakuwepo, alikuwa ameenda mtoni. Tukajichukulia magunia yaliyokuwa yamepangwa ukutani. Gunia la makapi ni jepesi, mtoto analibeba huku anaimba. Lakini moja lilikuwa zito. Bingwa akalishika, akashtuka, kisha akaona nafasi ya kujisifu: akalitupa begani akatembea nalo peke yake mpaka stesheni, miguu ikimtetemeka, huku akitutangazia kwamba sisi ni dhaifu na yeye ni tembo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini makapi yawe mazito. Tulikuwa tunamwonea kijicho tu. Tukalikata kwa haraka, tukamwaga, tukafunika.

Baada ya siku kumi hivi, asubuhi moja, mtoto mdogo kuliko wote alipiga kelele kutoka pembeni.

"Mwalimu! Tatami iko naota majani!"

Ni kweli. Kwenye ukingo wote wa turubai yalikuwa yamechungulia majani mabichi, membamba, mazuri. Mwalimu alipiga magoti, akang'oa moja, akalitazama mzizi, akakaa chini palepale. Shangazi alikuwa ameificha mbegu yake ya mpunga ndani ya gunia la makapi ili wenye bunduki wasiione. Aliificha vizuri mno. Mji mzima ulikuwa unalala na njaa, na sisi tulikuwa tunabwagana juu ya chakula.

Shangazi alikuja na mchi mkononi. Siku zote hizo alikuwa anatafuta kimyakimya, maana hakuweza kutangaza kwamba ana mbegu.

"Siku kumi!" alifoka. "Siku kumi munaruka juu ya mbegu yangu, na mimi niko natafuta mupaka ndani ya dari!"

Kisha akaona bingwa amejificha nyuma yangu, akaona majani, akaona Mwalimu anacheka mpaka machozi, na yeye pia akaanza kucheka. Mchi ukamtoka mkononi. Tulihamisha ile miche siku hiyo hiyo, mmoja mmoja, tukaipanda kwenye ardhi yenye unyevu kati ya reli, mahali ambapo hakuna aliyewaza kutafuta shamba. Mingi ilikufa, mingine ikakubali. Tulipovuna, Shangazi alichukua mbegu yake kwanza, na kilichobaki kilipikwa siku moja kwa sombe, majani ya muhogo, na mawese. Nimekula kwenye harusi nyingi tangu hapo. Sijala wali wa kuufikia ule.

Bingwa nilimwangusha mwezi huo huo wa mavuno, kwa kumwingia chini ya kwapa na kumzungusha kiunoni, mpaka mgongo wake ukalia juu ya turubai. Nilikuwa hodari. Nasema bila haya kwa sababu Mwalimu alisema, na Mwalimu hakuwa mtu wa kusifu. Tulipigana kila siku kwa miaka minne, na mpaka mwisho sikumwacha atulie.

Vita ilipopungua na mashua zikaanza tena kushuka mto, yeye alikwenda Kisangani na mzigo wa mawese, baadaye Kinshasa, baadaye Johannesburg, ambako alilinda mlango wa duka mchana na kujifunza kizimba jioni. Mimi nilibaki. Niliolewa, nikazaa, na Shangazi alipochoka akaniachia mashine. Watu hupenda kuniuliza kama nilimwonea wivu, na mimi hujibu hapana. Huo ni uongo. Nilimwonea wivu mwaka mzima, halafu mashine ikaharibika, nikawa na mambo mengine ya kufikiri.

Mapigano yake yalitufikia ndani ya simu za watu, yamechelewa wiki, picha ndogo kama kucha. Tulikusanyika vichwa vimegusana. Mara ya kwanza alipomshinda mtu pale Johannesburg alisimama katikati ya kizimba akajipangusa mabega kwa fujo, kushoto na kulia, na mtangazaji akasema hiyo ni ngoma ya asili ya Kongo. Nilicheka hadi nikaomba maji. Mtu alikuwa anajipangusa makapi! Vijana wa Alunguli wakaanza kujipangusa hivyo kila wakifunga bao, na sasa hata watoto wa Pangi wanafanya, bila kujua kwamba wanaiga muwasho.

Siku alipopata mkanda wa ubingwa, maduka yalifungwa, pikipiki zote zilipiga honi, na kanisani kwao na msikitini kwetu alitajwa wiki ileile. Mwalimu alikuwa ameshafariki, mwaka mmoja tu kabla. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Lakini pambano ambalo Kindu ililipenda kuliko yote ni lile la mkono. Katika mchezo ule, ukibanwa au ukikabwa na huwezi tena, unagonga sakafu kwa kiganja, mwamuzi anasimamisha, umeshindwa, mnakwenda nyumbani. Mpinzani wake alikuwa amemkunja mkono kinyume. Kila mtu aliona unakoelekea. Hakugonga. Kiwiko kikatoka mahali pake, na bado hakugonga, akajipindapinda akatoka, na raundi iliyofuata akashinda kwa mkono mmoja. Kesho yake muuza vocha mmoja aliandika kwenye ukuta wa kibanda chake, kwa rangi nyekundu, neno moja: HAGONGI. Mji mzima ukalichukua. Mtoto akichomwa sindano analia, mama anamwambia, muntu wa Kindu hagongi.

Mimi nilitazama pambano lile mara moja tu. Nilitoka nje nikakaa juu ya gunia. Nilikuwa nimeushika ule mkono kila siku kwa miaka minne.

Alirudi nyumbani miaka mitatu iliyopita, magoti yamekwisha. Tulimpokea kwa matarumbeta. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua klabu Alunguli, ng'ambo ya mto, na mikeka ya kweli iliyoletwa kwa ndege, laini, safi, haiwashi hata kidogo. Hafundishi ngumi kabla ya kuanguka. Miezi miwili watoto wanaanguka tu, wananung'unika, wanauliza masomo yataanza lini, na yeye anafurahi kupita kiasi. Nilivuka kwa mtumbwi kwenda kumcheka. Binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, alinisindikiza kunisaidia kucheka. Mimi nilirudi, yeye akabaki.

Ilikuwa siku hiyo, wakati wa chakula, nilipoona jambo. Bingwa, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, alinyoosha mkono akasema, "Yaya, nipe ile... ile ya kukatia."

"Kisu?"

"Merci."

Akacheka, nami nikacheka. Kidogo tena ikawa ile ya kufunikia, na mara ya tatu ilikuwa jina la Mwalimu, mtu aliyemfundisha kusimama. Hapo sikucheka. Alinieleza mwenyewe, bila kuficha, kwamba daktari kule kusini alimwambia kichwa chake kimepigwa vya kutosha kwa maisha mawili. Maneno hayajaenda mbali, alisema, yako tu chumba cha pili, anayaita nayo yanachelewa. Alisema hivyo kwa furaha yake ileile. Mimi nilivuka mto nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Sasa mtaelewa mambo yaliyofuata. Binti yangu alifikisha miaka kumi na tisa, na alikuwa hodari kunipita. Nilimwona akimwangusha kijana wa kilo themanini kwa kiuno, kiuno changu mimi, na moyo wangu ulivimba kwa fahari na kusinyaa kwa hofu kwa wakati mmoja. Barua ikaja kutoka Kinshasa: anaalikwa kwenye mashindano ya kizimba ya wanawake. Akaniletea barua nikiwa kwenye mashine. Nikasema hapana kabla ya kuzima mota.

Alikuwa mtu mzima, angeweza kupanda ndege bila mimi. Lakini kwetu mtoto hatoki kwenda mbali bila mzazi kumtamkia baraka, na ya baba yake haikuwa kazi kuipata, yuko Punia anachimba madini, kwa simu anakubali kila kitu halafu mtandao unakatika. Alilihitaji neno langu. Siku nne hakunisemesha. Alitwanga sombe kwa nguvu mpaka majirani wakauliza tunajenga nini.

"Mama," alisema siku ya tano, "weye njo ulimwangusha. Kila siku unatangazia watu. Juu ya nini mimi nibaki kukoboa mupunga?"

"Mimi nilimwangusha juu ya makapi," nikamjibu. "Hakuna mutu alinipiga ngumi ya kichwa."

"Unaogopa."

"Ndiyo. Naogopa." Nililisema hivyo hivyo, maana lilikuwa kweli.

Jumapili iliyofuata bingwa alikuja nyumbani kwangu. Alivaa shati lililopigwa pasi, akafuatana na mjomba wake, wamebeba jogoo mwekundu na gunia la mchele. Kumletea mkoboaji mchele! Tukawakaribisha kwenye mkeka, Shangazi akakaa kando yangu, mzee sana sasa, masikio mazima. Ila ukiona mwanamume na mjomba wake, jogoo na mchele, wanaingia nyumba yenye msichana wa miaka kumi na tisa, Kindu unafikiri nini? Habari ya posa ilivuka mto kabla hatujamaliza salamu. Tulikuwa bado tunaulizana afya wakati mke wa bingwa aliposhuka kwenye pikipiki mlangoni, kilemba kimelegea, macho yanawaka.

"Nimekuya kumusalimia muke mwenzangu!" alisema.

Ilituchukua muda kumweleza, kwa sababu kila aliyejaribu alishikwa na kicheko. Mwishowe akakaa, akafungua kilemba, akasema kwa kuwa amelipa pikipiki atakula. Akala vizuri.

Ndipo mjomba akatoa maneno yao, kwa heshima, kwamba wanamwombea binti baraka. Sikumjibu yeye. Nikamgeukia bingwa mbele ya wote.

"Siku ile mukono wako ulitoka, juu ya nini haukugonga?"

Akatabasamu kama anavyotabasamu kwenye picha. "Yaya, nilikuwa nasikia Kindu yote ndani ya masikio."

"Na leo? Ingelikuwa leo?"

Tabasamu likamwisha. Akatafuta, nikaona anatafuta, mke wake akafungua mdomo kumsaidia na nikamzuia kwa mkono.

"Ningegonga," akasema. "Siku ile, na zingine. Ningegonga mara mingi, Yaya."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo, wala mke wake. Mjomba aliangalia chini. Mimi nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, vyote viwili.

Shangazi ndiye aliyepata njia. Aliushika tu upindo wa kikwembe changu cha juu, kitenge ninachojifunga kiunoni juu ya kingine, akauvuta. Nikamwelewa. Kwetu watu wakipigana barabarani na wakashindikana, mama mzima hufungua kikwembe chake cha juu na kukitupa kati yao, na hapo ugomvi umekwisha. Hakuna anayekanyaga kikwembe cha mama. Kukikanyaga ni kumkanyaga aliyekuzaa. Wakati wa vita nilimwona Shangazi mwenyewe akifanya hivyo mbele ya mashine, kati ya wanajeshi wawili walevi waliokuwa wameshikana mashati, na wote wawili walirudi nyuma na kuomba radhi.

Nikakifungua changu, cha kijani chenye picha za samaki, nikakikunja.

"Ataenda," nikasema. "Weye utasimama kwenye kona yake. Siku akili yake itaanza kutoka, hata kama ameshinda nusu, hata kama Kindu yote inapiga kelele, unatupa hii ndani ya kizimba. Usiningojee. Usimuulize yeye."

"Watanitukana," akasema.

"Sana."

Kisha akakipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Binti yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia akijifanya hayupo, alitoka mbio kunikumbatia, na alinibana vibaya, mbavu ziliniuma siku tatu.

Pambano lilikuwa Jumamosi alasiri. Uani kwangu walijaa watu ambao sijawahi kuwakobolea hata kikombe, tumeunganisha simu na televisheni, na mwenye pikipiki mmoja alikuwa tayari na honi yake. Raundi ya kwanza binti yangu alimwangusha mpinzani mara mbili, safi kabisa. Nilipiga kelele kuliko wote. Raundi ya pili yule msichana mwingine alichoka, kila mtu alimwona amechoka, mikono inashuka, na watu wakaanza kuimba. Halafu, katika kuchoka kwake, akatupa teke moja la juu. Likampata wangu kichwani.

Hakuanguka. Uani walishangilia kwamba hakuanguka. Lakini mimi nilimwona ameugeukia uzio, ameuangalia waya, anatabasamu, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

Na hapo mtandao ukakatika. Tabasamu lile likaganda kwenye televisheni, kubwa, mbele yangu. Watu wakamlaani mwenye simu, wakaitikisa, wakaiinua juu ya paa. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nilishika mkono wa Shangazi na naona niliuumiza, hakulalamika.

Picha iliporudi, mwamuzi alikuwa amesimama katikati ya kizimba ameshika kikwembe cha kijani, anakigeuza huku na huku, hajui akifanye nini. Mtangazaji alisema kuna nguo imeingia. Bingwa alikuwa ameshapanda uzio, magoti yale yaliyokwisha, mguu mmoja ndani, mmoja nje, anamwita binti yangu.

Uani kwangu kukalipuka. "Ameuza! Musichana alikuwa anashinda!" "Mwoga!" "Dakika moja tu ilibakia!" Kijana mmoja alilia kweli. Wamama wazee tu ndio hawakusema kitu, waliangalia kile kikwembe na walijua. Kisha Shangazi, kwa sauti yake iliyobaki, akapiga kigelegele, na mimi nikasimama nikacheza. Nilicheza mbele ya watu waliokuwa wameshindwa. Jirani mmoja akaniuliza ni mama gani anafurahia mtoto wake kushindwa, na jibu nililompa siwezi kuliandika hapa.

Kabla jua halijatua, mwenye kibanda cha vocha alikuwa amekwisha kupaka chokaa juu ya lile neno lake jekundu. Kazi yote ya bingwa wetu, miaka ishirini ya kupigwa na kupiga, waliifuta kwa ndoo moja. Nilipita pale nikaona. Nilimheshimu bingwa siku hiyo kuliko siku ya mkanda.

Simu ililia saa kumi na mbili jioni. Alikuwa binti yangu, na alikuwa anawaka moto. Akaanza bila salamu. Alinihesabia mapigo yote ya raundi ya pili, moja baada ya lingine, lipi liliingia na lipi halikuingia. Alisema mpinzani alikuwa amechoka, alisema ilibaki dakika moja na sekunde kumi, alisema daktari amemwangalia na kumpa siku za kupumzika tu. Alinikumbusha viatu nilivyomnyima akiwa darasa la nne. Aliutaja mkoba wake, rangi yake, tarehe ya kurudi, saa ya ndege. Mimi, ambaye sijawahi kumwacha mtu amalize sentensi, nilikaa juu ya gunia nikamwacha agombe mpaka akakosa pumzi. Nilikuwa natamani aendelee, maana hakuna neno hata moja lililomchelewa.

"Mama, uko nasikia?"

"Niko nasikia. Nipe mujomba wako."

Simu ikahama mikono. Nikamsikia bingwa anapumua.

"Yaya," akasema. "Niliitupa. Ile... ile yako. Ya samaki. Ile ya..."

Nikamsikia anatafuta neno.

"Kikwembe, Mujomba," nikamsikia binti yangu nyuma yake, bado ana hasira. "Inaitwa kikwembe."